Mjadala: Ukisapu ukapata 80, kwa nini uandikiwe C?

Mleta mada: Wakuu, tulizungumze bila jazba. Vyuo vingi Tanzania, ukifeli somo ukasapu, yaani ukafanya mtihani wa marudio, hata upate 80 unaandikiwa C. Aliyepata C yake mara ya kwanza, yaani 40 hadi 49 kwa madaraja ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), haruhusiwi kurudia kabisa. Marekani vyuo kibao vinaruhusu urudie somo, na alama mpya ndiyo inaingia kwenye GPA, yaani wastani wa pointi zako. Sisi tunang'ang'ania nini?

Kalamu Nyekundu: Tunang'ang'ania haki ya huyo wa C, tuseme kapata 45. Yeye kabanwa na mitihani mitano, sita, ndani ya wiki mbili. Wa sapu anarudi na karatasi moja, tena mtihani uliopita anao mkononi. Mpe A uone: mtu akigundua UE, mtihani wa mwisho wa muhula, imemkalia vibaya, anaacha maswali mawili wazi makusudi ili asapu.

Binti Hesabu: Tuweke namba mezani. Somo la krediti 12, C ni pointi 2, A ni 5. Tofauti ni 3 × 12 = 36. Digrii ya miaka mitatu ina krediti 360, kwa hiyo 36 ÷ 360 = 0.1. Dogo, eti? Lakini GPA ya 3.4 ni Lower Second, 3.5 ni Upper Second, daraja la juu yake. Somo moja tu linamvusha mtu mstari.

Mleta mada: Basi tuchukue wastani wa mara zote mbili. Aliyefeli kwa E ana pointi 0, akisapu akapata A ni 5, wastani 2.5. Adhabu ipo, juhudi nayo imeonekana.

Kalamu Nyekundu: Na aliyefeli kwa D? 1 na 5, wastani 3. Hiyo ni B, mkuu. Aliyefeli kampita aliyefaulu! Ukitaka wastani, fungua mlango kwa wenye C pia, kisha uniambie nani atasimamia na kusahihisha darasa la watu 400 mara ya pili.

Chaki: Hiyo Marekani nayo msiitaje nusunusu. Alama ya zamani kwa kawaida inabaki kwenye transkripti. Anayeomba kusomea udaktari kupitia AMCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya udaktari (MD), anahesabiwa zote mbili. AACOMAS, mfumo wa vyuo vya udaktari wa osteopathia (DO), walikuwa wanachukua ya mwisho, wakaacha 2017. Na msaada wa masomo wa serikali kuu ya huko hulipia mara moja tu kurudia somo ulilokwisha kufaulu.

Binti Hesabu: Kuna kitu mmekiruka: kosiweki, alama za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho. Mtu ana 12 kati ya 40 za majaribio ya muhula. Chuo kikizibeba kwenda kwenye sapu, ili afike 70 ya A anahitaji 58 kati ya 60 za mtihani. Ondoeni kikomo cha C leo, huyo A haipati. Chuo kikisahihisha sapu kwa 100, zile 12 zimefutika, na aliyekuwa akikwepa majaribio kapona.

Chaki: Na mgonjwa asichanganywe humu. Mtihani maalumu, wa aliyekosa mtihani kwa sababu kama ugonjwa, si sapu, alama yake huandikwa kamili. Shida ni mtu kuingia na homa, anasaini mahudhurio, anafeli, ndipo anatafuta cheti cha daktari. Barua itangulie mtihani.

Mleta mada: Hapo kwenye kosiweki mmenibana. Nabadilisha hoja: kosiweki ibebwe, kikomo kiwe B.

Kalamu Nyekundu: Na wa 45?

Mleta mada: Naye aruhusiwe, somo moja kwa digrii nzima, ada ya mtihani alipe mwenyewe.

Kalamu Nyekundu: Sasa tunaweza kuongea.