Je, kitabu kinaweza kumharibu mtoto?

Ndugu zangu, kuna mama kasema maktaba za shule zibaki na vitabu vya maadili tu, kwa kuwa mtoto huiga anachosoma. Uchungu wake naujua, na mimi ni mzazi. Ila hapa namkatalia.

Tukumbuke Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa hofu hiyohiyo. Miaka ikapita, ikawa kitabu cha fasihi sekondari. Dada zetu walifichwa, wadogo zao wakakifanyia mtihani! Kitabu ni kilekile.

Mimi nilikisoma bwenini. Nakala ya shule ilikuwa imevalishwa gazeti, mgongo umeshikwa na seloteipu, na kurasa kama nne zimechanwa. Nadhani kuna mtu mzima aliona anatulinda. Wiki nzima hatukuwa na mazungumzo mengine: zile kurasa zilisema nini? Tukajazia wenyewe, na tuliyojazia yalikuwa machafu kuliko chochote nilichokuja kukikuta kwenye nakala nzima.

Na humo ndani kuna nini? Kuna Zakaria, baba anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anakuzwa kwa woga, hakuna anayekaa naye kumweleza dunia ilivyo. Akishatoka machoni pa baba, anapotea. Mama yangu, kitabu unachokiogopa kinazungumza na sisi wazazi!

Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, na Waziri Mkenda akatuomba wazazi tukague mabegi ya watoto. Kukagua sawa, hata mimi hukagua. Nikikuta kitabu kisichonipendeza, nakaa na mwanangu tunakisoma wote, namuuliza ameelewa nini. Mara nyingi kaelewa tofauti kabisa na nilivyohofia.

Sisemi mtoto wa darasa la pili apewe chochote. Kumchagulia kwa umri wake ni kazi ya mkutubi (na shule ngapi zinaye? hilo nalo tutalijadili siku yake). Lakini kilichochaguliwa kwa umri kinabaki kwenye rafu, kinamngoja akue. Kilichokatazwa hata mwalimu anaogopa kukitaja.

Mama, nakuuliza kwa heshima: binti yako akipewa kitabu hicho na rafiki yake kesho, atakuletea wewe, au atakificha chini ya godoro?