Wauza kompyuta wa Tanga, RAM haipimwi kwa kilo kama unga!

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite.

Mimi ni mpimaji ardhi hapa Tanga mjini. Siku hizi kazi kubwa ni picha za droni: unairusha juu ya shamba la mkonge Muheza au viwanja vya Pangani, unarudi na mamia ya picha, kompyuta inaziunganisha kuwa ramani moja. Programu za kazi hii zinakula RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vibaya sana. Laptop yenye GB 16 inakata pumzi mapema, kwa hiyo nikaamua kuunganishiwa mashine ya kazi nzito kwenye duka moja la Ngamiani. Jina naliacha, sitafuti kesi. Mahitaji niliyaandika kwenye karatasi nikamkabidhi mwenye duka: prosesa ya Ryzen 9 7900, RAM GB 128, na itakesha ikifanya kazi. Nikatoa advansi, vitu vikaagizwa Kariakoo.

Mashine ikafika. Mataa ya rangi kila kona, na mwenye duka ananionyesha kwenye skrini kwa mbwembwe: "Ona shehe wangu, GB 128, spidi 6000. Mji huu unayo wewe peke yako."

Ukifungua intaneti inapaa. Ukiipa ramani, inafika katikati, skrini inakuwa ya bluu, inajiwasha upya. Kazi ya usiku mzima imepotea na mteja asubuhi anapiga simu.

Nikarudi dukani. Jibu nililopewa: "Ami, hilo joto la Tanga."

Haya, tuongee kuhusu hilo joto. Nikachukua MemTest86, programu ya bure, unaiweka kwenye fleshi na kuiwashia kompyuta, inapima RAM yenyewe kabla Windows haijaingia. Makosa mekundu skrini nzima. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikazima ile EXPO, swichi ya kuipandisha RAM spidi, waliyoiwasha ili nione namba 6000, RAM ikashuka hadi 3600. Nikapima tena, chumba kilekile, feni zilezile. Hakuna kosa hata moja. Sasa joto limekwenda wapi, ami? Limepanda basi la Lushoto?

Nikafungua kasha. Vipande vinne vya GB 32. Viwili vya kampuni moja, viwili vya nyingine, na namba za spidi kwenye lebo hazilingani. Wameokoteza.

Kwa wasiojua, hapa ndipo penye wizi wenyewe. Prosesa za Ryzen 7000, kama hii yangu, zinatumia RAM ya kizazi cha DDR5 tu, na kiwango rasmi cha AMD ukiweka vipande viwili ni 5200. Ukijaza sloti zote nne, kiwango hichohicho rasmi kinashuka hadi 3600. Prosesa ina chaneli mbili tu za RAM, yaani njia za data, kwenye bodi mama hizi, na kila chaneli ikibebeshwa vipande viwili, mawimbi ya umeme yanachafuka na mdhibiti wa RAM aliye ndani ya prosesa analemewa. Kuna watu wenye bahati wanaovuka hapo kwa kuchezea BIOS wiki nzima, sawa, ila hiyo ni bahati, haiuzwi. Namba 6000 kwenye boksi ni ahadi ya jozi ile iliyofungwa pamoja na kupimwa pamoja. Ukichukua jozi mbili tofauti ukazichanganya, hakuna kiwanda duniani kilichokuahidi kitu.

Kwa hiyo mimi nimelipia 6000, ninachoweza kukitumia kwa usalama ni 3600. Asilimia 40 ya spidi imebaki kwenye lebo. Na kisichonitoka rohoni ni kwamba njia nzuri ilikuwepo: vipande viwili vya GB 48, jumla 96, jozi moja, chaneli zote mbili zinafanya kazi bila kubebeshana. Ningeelezwa hivyo ningechukua 96 bila kinyongo. Lakini 128 inasomeka vizuri kwenye risiti, si ndiyo?

Nikawaambia wabadilishe, walete hiyo jozi ya 48. Wakakubali haraka mno, nikashtuka. Dogo wa duka akaja na vipande viwili, akavipanga kwenye sloti, akabonyeza. Haviingii. Akabonyeza kwa dole gumba, bodi inapinda naiona kwa macho yangu! Nikamshika mkono. Kusoma lebo: RDIMM. RAM ya seva! Ile pengo ya katikati kwenye DDR5 ya seva imewekwa sehemu tofauti makusudi ili isiingie kwenye bodi za kawaida, kwa sababu yenyewe inapokea volti 12 na hizi zetu zinapokea volti 5. Watengenezaji wametuwekea kizuizi cha chuma na plastiki, dogo anataka kukishinda kwa dole gumba. Simlaumu yeye, alitumwa. Bosi wake alisema nini kwenye simu? "RAM ni RAM, mwambie asukume."

Na kabla hajaja mjuaji kuniambia ningenunua mtumba wa HP Z440, kompyuta ya kazi nzito: ndiyo, ni mashine nzuri, ila nayo inataka DDR4, kizazi cha kabla ya DDR5, ya aina ya seva. Ukipeleka DDR4 ya kompyuta ya kawaida utaambiwa "inaingia", na kweli kwenye DDR4 pengo ni moja kwa aina zote mbili, inaingia kabisa. Kuwaka ndiyo haiwaki. Hapo napo kuna watu wamepigwa, nawajua.

Halafu ile porojo ya ECC. Nilipouliza mwanzoni kama RAM inasahihisha makosa, maana ramani ya mpaka wa kiwanja cha mtu si jambo la kukosea, nikajibiwa "DDR5 zote zina ECC ndani". Nusu ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza. DDR5 inajisahihisha ndani ya chipu yenyewe tu. Data ikiharibika njiani kati ya RAM na prosesa, hiyo haihusiki. ECC kamili ni kipande chenye chipu za ziada, na bodi inayokubali, na prosesa inayokubali. Ryzen 7900 inakubali, kwa hiyo iliwezekana kabisa kunipa. Bodi waliyoniwekea mwongozo wake haitaji ECC popote.

Pawa saplai sitaisemea leo, nitafungulia uzi wake.

Mngekuwa mnatupiga wakati RAM ni bei ya karanga ningenyamaza. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepaa, kwa sababu chipu zinatengenezwa zaidi na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote zinakimbilia kuuzia vituo vya data vya akili mnemba. Micron wametangaza kuacha kabisa kuwauzia watu wa kawaida RAM za Crucial. Kosa la vipande vinne leo ni hela ya pikipiki.

Risiti yangu ya EFD imeandikwa nini? "Computer 1". Basi. Hakuna aina ya RAM, hakuna jina la bodi, na chini wamegonga muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Bosi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mteja akikueleza kazi anayotaka kuifanya na akategemea ujuzi wako, kitu unachomuuzia lazima kifae kwa kazi hiyo. Karatasi yangu ya mahitaji unayo, na nakala ninayo, ina sahihi yako. Muhuri wako haufuti hilo.

Mnaotaka kuhakiki mashine zenu sasa hivi: fungua Task Manager, sehemu ya Memory, soma Speed na Slots used. Kisha fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD, badilisha sloti moja moja uone kampuni na namba ya kila kipande. Kama una vipande viwili tu, angalia viko sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Wengine wanavipanga jirani jirani mkabaki na chaneli moja bila kujua.

Mwenye duka, najua unasoma humu, wanao wamo wengi. Nataka jozi moja ya UDIMM (RAM ya kompyuta za kawaida, si ya seva) DDR5 2x48, iliyofungwa na kiwanda, iliyomo kwenye orodha ya RAM zilizopimwa na mtengenezaji wa bodi yangu, na tofauti ya bei mkononi. Ukishindwa, nenda na mashine yako na unirudishie hela yote.

Na wadau, yeyote anayejua duka Tanga au Dar lenye jozi hiyo kwa sasa, linaloandika namba ya kipande kwenye risiti, aweke hapa pamoja na bei. Nina ramani ya Pangani inadaiwa.