Naomba ushauri: mjusi-mnyoo wa Rondo, nitajuaje kama ni spishi mpya?

Wakuu habari zenu, niko Lindi huku upande wa Rondo, tukichimba visiki shambani kwenye mikorosho tunakutana na kiumbe cha pinki, hana miguu, macho hayaonekani, mwili mzima pete pete kama mnyoo ila ukimshika unasikia magamba, na anarudi shimoni kinyumenyume bila shida. Watu wanamkata jembe wakidhani nyoka, inaniuma sana maana hana sumu kabisa. Nimesoma mtaalamu wa reptilia, Loveridge, alimwelezea mjusi-mnyoo wa Rondo, kitaalamu Chirindia rondoensis, mwaka 1941 kutoka hukuhuku, sasa huyu naona magamba ya kichwani yamekaa tofauti na mchoro wa spishi hiyo. Najua picha haitoshi, lazima zihesabiwe pete za mwili na mkia, magamba yaangaliwe kwa hadubini, nyama kidogo iwekwe kwenye spiriti kwa ajili ya DNA kabla ya formalini (dawa ya kuhifadhi mizoga), halafu kielelezo, yaani mzoga wenyewe, kitunzwe makumbusho. Mmoja aliyekatwa nimemhifadhi kwenye spiriti. Je kibali cha utafiti naanzia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) au COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia)? Na mliosoma zuolojia UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), nimpeleke kitengo gani wamlinganishe na vielelezo vya zamani?