Mahekalu ya Kyoto: watu waingie kwa miadi au malango yabaki wazi?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Niko Osaka, Japani, kimasomo, mwaka wa tatu sasa, na kila mgeni wangu nampeleka Kyoto. Msimamo wangu ni huu: mahekalu makongwe ya Kibudha yaige Saiho-ji, watu waingie kwa miadi tu.

Bustani ya Saiho-ji imetandwa na kuvumwani, vile vijani laini vinavyoota penye unyevu, utadhani zulia. Watu walifurika mno, na mwaka 1977 hekalu likaacha kupokea wanaojiendea tu. Siku hizi unaomba nafasi mapema, unalipa kama yeni 4,000, na unakaa chini kunakili sutra, yaani maandiko matakatifu ya Kibudha, kwa brashi. Nilifuatisha herufi zile taratibu, mkono ukitetemeka. Nilipotoka kwenda bustanini, nilisikia maji. Kinkaku-ji, lile jengo la dhahabu, kiingilio ni yeni 500: foleni inakusukuma kando ya bwawa, simu zimeinuliwa juu, mara umeshafika kwenye maduka ya zawadi. Nimekwenda mara saba na sijawahi kupata dakika moja ya utulivu pale.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hapo umeteleza. Mwaka 1985 jiji la Kyoto liliweka kodi ya yeni 50 kwa kila mtu mzima anayeingia mahekalu maarufu. Watawa wakagoma: kuja hekaluni ni ibada, na ibada haitozwi kodi. Wakafunga malango, Kinkaku-ji na Kiyomizu-dera yakiwemo. Mgogoro ukaburuzwa mpaka kodi ikafutwa 1988. Sasa leo mwenye yeni 4,000 ndiye anayeabudu, asiyenazo ni msumbufu? Bibi anayetaka kumchomea ubani marehemu mumewe naye aombe miadi?

Mchangiaji wa pili: Tuongelee paa. Ukumbi mkuu wa Kiyomizu-dera ni wa 1633, umeezekwa kwa magome ya mti wa hinoki, na magome huchakaa. Kuyabandua bila kuua mti ni kazi ya fundi aliyefunzwa miaka, na kuezeka upya ni gharama kubwa. Viingilio vinasaidia kulipa hayo. Ukipunguza watu, lazima upandishe bei. Chagueni.

Mleta mada: Ndugu yangu wa kwanza, hoja ya bibi imenigusa, nakiri sikuifikiria. Kiyomizu-dera hufungua saa kumi na mbili asubuhi. Nilifika saa hiyo mwezi wa pili, baridi kali, nikakuta wazee wawili tu wamefumba mikono, mmoja ameweka kofia yake chini. Basi alfajiri iwe bure, bila miadi, kwa yeyote. Miadi ianze saa tatu, mabasi ya watalii yanapoanza kumiminika. Ila kwenye kodi bado nakupinga: zile yeni 50 zilikuwa zinakwenda jiji, hizi 4,000 zinabaki hekaluni.

Mchangiaji wa kwanza: Alfajiri nakubali. Lakini huyo bibi akiishi mbali, treni ya kwanza itamfikisha saa ngapi?