Nalala lakini akili haitulii, nifanyeje?

Mchumaji wa Wete: Jamani, msimu wa karafuu umepamba moto. Mchana niko juu ya mkarafuu, usiku tunachambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Nikijinyoosha, kichwa bado kinahesabu pishi za karafuu. Kuna dawa?

Bibi wa Chake: Mwanangu, zima simu baada ya Isha, ukae barazani kimya, bila redio. Wasiwasi hupandisha homoni ya kotisoli, usingizi ukakimbia. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi.

Mchumaji wa Wete: Saa 7 msimu huu? Labda mwenye shamba!

Bibi wa Chake: Basi jilaze kidogo baada ya Adhuhuri, dakika 20 tu. Kahawa ya usiku iache. Hali ikiendelea wiki kadhaa, muone daktari.

Jirani wa Mkoani: Bibi, kahawa tena? Hapo umetuonea.