Mbegu za Moon and Stars zinaniozea

Mtoro wa Tanga: Jamani, niko Houston. Nilipata mbegu 10 za tikiti la Moon and Stars, lile la zamani lenye madoa ya manjano, lililoanza kuuzwa 1926. Nilipanda mapema Februari. Zimeota 2 tu. Nyingine nimezifukua, ndani uji mtupu. Nimekosea wapi?

Bibi Shamba: Haraka zako, mwanangu. Udongo ulikuwa baridi. Ngoja ufike nyuzi 21 na zaidi, tena usiloweshe kila siku. Hiyo miche miwili, majani yana madoa?

Mtoro wa Tanga: Mmoja tu, bibi. Wa pili kijani kitupu.

Bibi Shamba: Basi huo si wenyewe, mbegu ilichanganyika. Ung'oe kabla haujachanua, nyuki hawachagui, watabeba chavua yake hadi kwenye ule wenye madoa.

Mtoro wa Tanga: Roho inauma, ndio mnene!