Hivi kususa nako ni sera? Swali kwa ndugu zangu wa Chadema

MzeeWaTandika

Wakuu habari za jioni. Kabla hamjaanza kuniita buku saba, yaani kada wa kulipwa mitandaoni, nijitambulishe kabisa, mimi ni CCM, kadi ninayo toka enzi za mzee Mwinyi, ofisi ya chama Lumumba hawajawahi kunipa hata nauli ya daladala na sidhani kama wanajua nipo. Nina swali na ningependa anijibu mtu mwenye akili zake, matusi nayapata ya kutosha kwa wajukuu.

Hivi kususa nako ni sera?

Maana juzi nimekaa barazani nikaanza kuhesabu vidole vikaisha. Novemba 2010 Rais Kikwete anafungua Bunge, wabunge wa Chadema hao wakanyanyuka wakatoka. Aprili 2014 Bunge Maalum la Katiba, Ukawa, ule umoja wa wapinzani, hao wakatoka, Oktoba waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa na serikali zake mbili, sasa miaka yote hii mtu anapiga kelele katiba mpya katiba mpya wakati siku sinia linatengwa yeye alikuwa nje kanuna. 2016 wakamsusia Naibu Spika Tulia Ackson, akikaa kwenye kiti wao wanatoka, siku nyingine wakajibandika plasta midomoni, baadaye huyo Tulia akawa Spika, 2022, na urais wa mabunge ya dunia akapata. Januari 2018 chaguzi ndogo za Songea Mjini, Longido na Singida Kaskazini wakasusa, Februari hapa Kinondoni na kule Siha wakaingia! Tume ileile, polisi walewale, ndani ya wiki tano kilibadilika nini? 2019 serikali za mitaa wakajitoa. Baada ya 2020 wakasusa ruzuku ya serikali kwa vyama, baadaye wakaichukua kimyakimya. Na mwaka huu wa 2025, Aprili 12, wenzao wanasaini kanuni za maadili ya uchaguzi wao hawakutokea, tume ikasema basi hamgombei, wanashangaa.

Sisi watu wa pwani tunasema susa sisi twala. Na kweli tunakula, mimi nakula, lakini chakula cha kula peke yako hakina raha.

Nieleze kwa nini linaniuma. Mtaani kwangu uchaguzi wa 2014 tulipata mwenyekiti wa upinzani. Mimi sikumpa kura, nasema ukweli. Lakini yule bwana alikuwa kiongozi bana, ukienda kutaka barua ya utambulisho unaikuta na stempu haiulizi soda, mtaro wa nyuma ya msikiti ule uliokuwa unatuletea maji ndani kila masika alifuatilia manispaa mpaka ukazibuliwa, msiba ukitokea yeye ndo wa kwanza kufika na turubai. 2019 ikafika, mimi na ukada wangu nikamwambia mkeo asisikie lakini safari hii kura yangu unayo. Chama chake kikajitoa nchi nzima. Akaniambia mzee mimi ni mtu wa chama, chama kikisema basi ni basi. Sasa hivi anauza mitumba sokoni na mtaro umejaa tena takataka. Waliokata lile shauri walikuwa wamekaa hotelini kwenye kiyoyozi, aliyelala na maji uvunguni ni mimi.

Mtu wa taratibu kama mimi naamini nyumba ikivuja unapanda juu na bati na misumari, hukai uani unasema silali humu mpaka ijengwe upya. Mnasema No Reforms No Election, bila mabadiliko hakuna uchaguzi, sawa, sasa uchaguzi wa Oktoba ukifanyika bila reforms mna mpango gani? Hilo ndo swali langu.

DogoKimara

Mzee shikamoo kwanza. Swali lako limekaa vizuri ila umehesabu upande mmoja na naona umeruka mwaka mmoja kwa makusudi.

Serikali za mitaa 2024 mbona hujautaja? Tuliingia mzee. Novemba 27 mwaka jana hatukususa, tulichukua fomu, tukajaza, tukarudisha. Mimi mwenyewe nilichukua fomu ya ujumbe, mtaa siutaji, nikaenguliwa sababu eti kwenye kazi nimeandika mjasiriamali wakasema haieleweki ni kazi gani. Nikakata rufaa, yule aliyeniengua ndo nikamkuta mapokezi anapokea rufaa. Matokeo yakatoka CCM zaidi ya asilimia 98. Sasa mzee wangu kwa heshima zote, mtu umemfungia mlango yuko nje ananyeshewa alafu unamwambia mbona umesusa kula?

Na hao wa 2019 hawakujitoa wakiwa wazima, walijitoa wameshaenguliwa kwa maelfu, wengine eti hawajui kusoma na kuandika na ni walimu wastaafu. Hata huyo mwenyekiti wako muulize vizuri kama jina lake lilikuwa bado lipo.

Tena tumalizane. Mzee Ali Kibao, kada wetu wa Chadema, alishushwa kwenye basi hapo Tegeta Septemba 2024, kesho yake mwili ukaokotwa Ununio. Mwenyekiti wetu Lissu yuko ndani toka Aprili 2025 kwa uhaini, kesi isiyo na dhamana. Wewe unaongelea bati na misumari, sisi tukipanda juu ngazi inaondolewa.

KadaMsoma

Nyumbu wa Chadema mnalialia kila siku. Mleta mada umewaonea huruma tu hujagusa sera yenyewe ya hatari ambayo ni MAJIMBO. Lissu 2020 alizunguka nchi nzima anahubiri majimbo, kila kanda iwe na serikali yake na mali zake, sasa Kagera wale kahawa yao, Geita dhahabu yao, Lindi na Mtwara gesi yao, Singida wale nini alizeti? Mwalimu alihangaika kutuunganisha makabila zaidi ya 120 tukawa kitu kimoja leo mtu anataka kuturudisha kwa machifu. Angalieni hapo jirani kaunti 47 toka 2013, wenyewe Wakenya wanasema kilichogatuliwa kwanza ni ufisadi. Sisi wahafidhina wa Muungano hatutaki majaribio na nchi. Tutawapiga tena Oktoba nyumbu nyie.

MzeeWaTandika

KadaMsoma kijana wangu, la majimbo naliunga mkono asilimia mia na siku nyingine tutalifungulia uzi wake, ila hilo neno nyumbu kalitumie kwenu. Hawa ni watoto wa majirani zetu. Na utampigaje Oktoba mtu ambaye hayupo kwenye karatasi? Hiyo nayo ni ngumi ya hewani.

MamaSambusa_Mbagala

Mi nawasoma tu nacheka. Wote mnagombania mambo ya juzi, mie niliumizwa 2015 na mpaka leo sijapona.

Nilikuwepo Mwembeyanga Septemba 2007, nikiwa binti, nimebebwa na umati. Dk Slaa wa Chadema anasoma majina ya mafisadi, orodha ya aibu, jina la Lowassa limo watu tunashangilia mpaka sauti zinakauka. Miezi mitano baadaye Lowassa huyo anajiuzulu uwaziri mkuu sababu ya kashfa ya umeme ya Richmond tukasema hawa ndo wenyewe, hawa wana meno. Haya, Julai 2015 nawasha tivii namuona Lowassa anakabidhiwa kadi ya Chadema!! Nikadhani wamekosea picha. Dk Slaa akaachana nao. Na mimi mjinga nikaenda kumpigia kura Lowassa sababu nilishaapa CCM sirudi, akapata milioni sita na ushee, asilimia karibu 40, alafu Machi 2019 akarudi zake Lumumba kama mtu aliyeenda kusalimia shangazi.

Kwahiyo Mzee wa Tandika mimi kususa kwao wala hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba waliniambia mtu ni fisadi miaka minane alafu wakaniambia ni mkombozi ndani ya wiki moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama jukwaani akasema jamani mama zetu tulikosea. Wangesema hivyo tu mie ningerudi. Na Waitara wetu wa Ukonga, kura tulimpa akiwa Chadema 2015, 2018 akahama na kura zetu mfukoni.

Nyie CCM msicheke, na nyie ndo mliowapokea wote hao na vigelegele.

wakili_mchovu

Nisahihishe mambo mawili matatu maana mleta mada ana hoja ila ameipakia mzigo mzito kuliko tairi zake.

Bunge Maalum la Katiba. Ukawa hawakutoka sababu ya kununa, rasimu ya Tume ya Warioba ilikuja na serikali tatu baada ya kukusanya maoni ya wananchi, upande wa chama tawala wakaigeuza. Na mle ndani wajumbe 201 walikuwa wa kuteuliwa na rais, wabunge wengi ni wa CCM, hata Ukawa wangebaki mpaka mwisho wasingeshinda hoja ya serikali tatu. Hapo mzee hoja yako imelegea. Ila kuna pahala ina nguvu na hukupasema. Kupitisha ibara ilitakiwa theluthi mbili ya kila upande, bara na Zanzibar, na kwa upande wa Zanzibar kila kura ilikuwa inahesabiwa kwa tochi. Wangebaki ndani wakapiga kura ya hapana mambo yangekuwa magumu sana kwa wale waliotaka kuipitisha. Waliotoka waliacha silaha yao mezani. Hilo ndo la kuwalaumu.

Wale wabunge 19 wa viti maalum hakuna aliyewataja na ndio mfano mzuri kuliko yote. Chama kimesema hatutambui uchaguzi wa 2020, hatupeleki mtu. Novemba 24 kina Halima Mdee wakaapishwa, Novemba 27 wakafukuzwa uanachama, Mei 2022 Baraza Kuu likawakatalia rufaa, na bado wakaendelea kukaa bungeni. Mbunge wa kuchaguliwa wa chama kizima 2020 alikuwa mmoja, Nkasi Kaskazini. Ukiamua kususa lazima kwanza watu wako wote wakubali kushinda njaa. Kama nusu ya nyumba inachungulia jikoni usitangaze.

Hata hili la mwaka huu nimeona hivyohivyo. Kina G55, lile kundi la ndani ya Chadema, walisema mapema hatukubaliani na kutoshiriki, hawakusikilizwa, Mei 2025 wakabeba virago kwenda Chaumma, chama cha sera ya ubwabwa.

DogoKimara

Waende tu na ubwabwa wao.

Wakili hoja ya theluthi mbili nimeikubali ila ulikuwa wapi kutuambia 2014 😂

Mama Sambusa wewe umenichoma. Mi 2007 nilikuwa darasa la nne, 2015 ndo kura yangu ya kwanza na niliwapa hao hao. Sina cha kukujibu hapo, ni kweli hakuna aliyeomba msamaha. Ila Januari mwaka huu si uliona uchaguzi wa mwenyekiti wetu pale Mlimani City? Lissu 513 Mbowe 482, kura zinahesabiwa nchi nzima inatazama, mwenyekiti wa miaka ishirini ameshindwa asubuhi anampongeza mwenzie. Chama kilichoficha mambo hakiwezi kufanya vile. Kwa CCM kule Dodoma mwezi huohuo mgombea urais alipitishwa kabla hata fomu hazijatoka, mkutano uliitwa kwa ajili ya makamu mwenyekiti.

MzeeWaTandika

Dogo marahaba, na samahani salamu yako nilikuwa sijaipokea.

Ule wa Mlimani City nilikesha nao mpaka mama watoto akaniuliza kwani na wewe unagombea. Niliukubali. Na la Dodoma umenibana, nilikaa kijiweni wiki nzima najifanya sisikii, kwenye chama changu mimi nilifundishwa taratibu kwanza na siku ile taratibu ilikuja baadaye. La mzee Kibao sina jibu na sitajifanya ninalo, mtu kushushwa kwenye basi namna ile hilo halina chama.

2024 nimeiruka kweli, umenikamata. Ila ngoja nikuambie nilichoona mimi, maana nilikuwa kwenye foleni. Mtaani kwetu mgombea wenu jina halikukatwa, lilikuwepo. Wakala wake hakuwepo, nikauliza nikaambiwa eti hela ya wakala haijafika, na mgombea mwenyewe hakuna hata nyumba moja aliyobisha hodi. Sasa yule ukimweka kwenye hesabu ya walioibiwa unawavunjia heshima walioibiwa kweli. Mnasema wanachama mamilioni, mimi nimeishi Tandika miaka 34 sijui ofisi yenu ya tawi iko wapi, ila balozi wa CCM namjua, hata akiwa mkorofi namjua, nagonga mlango wake saa sita usiku nikiwa na mgonjwa.

Na wewe wakili nimekuelewa kuhusu rasimu ya Warioba ila serikali tatu mimi sizitaki hata ziletwe na malaika, tutabishana siku nyingine.

Sasa Dogo umejibu yote mazuri, umeruka moja. Nimeuliza uchaguzi ukifanyika bila hizo reforms, Novemba mnaamka mnafanya nini? Miaka mitano hakuna diwani, hakuna mbunge, hakuna hata mjumbe wa kuweka bango mlangoni. Na la ruzuku kuchukuliwa kimyakimya nalo hujaligusa. Nasubiri.

KadaMsoma

Mzee atasubiri sana hapo.

MamaSambusa_Mbagala

Muache mtoto alale, saa kumi na moja alfajiri ana kituo cha mwendokasi cha kugombania. Mzee hilo swali la Novemba nami nalitaka jibu lake, akijibu kesho mniite, nitakuwa nakaanga.